Choroko za Fundi Meno

Fundi meno alikuwa na mdomo. Sisemi huu wa kulia chakula, maana huu kila mtu anao. Nasema mdomo wa maneno. Ungeingia dukani kwake umeshika shavu, ungetoka umeshaambiwa kwamba fundi mwingine wa meno bandia hayupo, kwamba yule wa ng'ambo ya barabara anachonga meno kama anachonga vigingi vya hema, na kwamba yeye hajawahi kurudishiwa kazi hata siku moja. Kisha angekuvuta mpaka kwenye kabati la kioo pale dirishani. Ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, ilikuwepo plasta nyeupe, sanamu ya taya lisilo na jino hata moja.

"Unaziona fizi hizi?" angekuuliza. "Za mama mkwe wangu. Ngumu kuliko zote nilizowahi kupima. Na nimeziweza!"

Jamani! Fizi za mama mzazi wa mkeo, dirishani, kila mpita njia anazikodolea macho! Mkewe, mshonaji mwenye subira ya kutosha watu watatu, alimwambia mara ya kwanza, ya pili na ya tatu: "Mama anaomba uiondoe ile plasta." Mara zote alijibiwa, "Lile ni tangazo, mke wangu. Wewe biashara huielewi."

Basi mama mkwe naye akafanya lake. Meno mapya aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akayatumbukiza kwenye glasi ya maji, na glasi akaiweka sebuleni kwake, mahali ambapo hata mgeni asiyeona vizuri lazima angeiona. Wiki tano nzima akawa anakunywa uji na meno yanamtazama. Akiulizwa anajibu tu, "Ni kazi ya mkwe wangu hiyo." Hasemi mbaya, hasemi nzuri. Ikatosha. Watu wakaanza kunong'ona kwamba fundi ameshindwa na kinywa cha mkwe wake mwenyewe, na wateja wawili wakavuka barabara mchana kweupe.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyekata shauri. "Nakupa mpaka Jumapili," alimwambia. "Mama asipokula kwa hayo meno yako mbele ya macho yangu, Jumatatu nampeleka kwa yule wa ng'ambo."

"Jumapili njooni mle kwangu," fundi akajibu, kifua mbele. "Tena napika mwenyewe."

Na msidhani ni mapenzi ya jikoni. Mkewe angepika nyama, na fundi, aliyewaapia watu kwamba meno yake yanavunja mfupa, hakuwa na uhakika nayo hata kwa mnofu. Alitaka kitu laini. Akaperuzi kwenye simu mpaka akampata bibi mmoja wa Kihindi mwenye sauti ya upole, anafundisha mchuzi wa choroko: mwepesi, wa afya, mafuta kijiko kimoja, unateleza wenyewe kooni. Kusikia "unateleza", fundi alikuwa ameshaamua.

Asubuhi ya Jumapili alimtoa mkewe jikoni, akavaa koti lake jeupe la kazini. Bizari ya manjano aliipima kwenye mizani ndogo ya dukani, mara mbili. Jira aliichota kwa kijiko cha kukorogea plasta. Alikiosha, tumwamini hivyo hivyo. Tangawizi aliimenya kwa kisu cha kuchongea nta, akawa anaigeuzageuza kwenye mwanga kana kwamba ni jino atakalomvalisha mtu.

Mkewe akachungulia mlangoni. "Choroko umezichambua?"

"Ni za pakiti hizi. Zimeandikwa 'safi'."

"Zimeandikwa, sawa. Umezichambua?"

"Mke wangu, mimi kila siku natafuta ufa mwembamba kama unywele kwenye jino la mtu. Jiwe ndilo litanishinda kuliona?"

Angeliona, ndiyo, kama angeangalia. Hakuangalia. Bibi wa kwenye simu alisema choroko zilale kwenye maji usiku kucha. Yeye aliziloweka kwa muda wa kikombe cha chai. Bibi alisema ndimu iwe ya mwisho kabisa. Yeye alikamua mbili mwanzoni, eti ikolee. Choroko ukizitia uchachu kabla hazijaiva, zinagoma, na hizi ziligoma kwelikweli. Zilichemka saa nzima, zikaongezwa maji, zikachemka tena. Vitunguu vikayeyuka, nyanya zikayeyuka, choroko wapi! Ila haki yake nisimnyime: kitunguu saumu na jira alipovikaanga mwishoni na kuvimimina juu, chwaaa, harufu ilifika mpaka kwa jirani, na jirani akauliza kuna nini. Fundi akauonja mchuzi, akafumba macho kwa raha. Choroko yenyewe hakutafuna hata moja.

Wageni wakaingia saa saba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," mama mkwe akaitikia kwa fizi. Glasi yake alikuja nayo kwenye kikapu. Shemeji alivuta kiti akakaa mkabala na kinywa cha mama yake.

Fundi akapakua wali, akamwagia mchuzi. "Mama, leo yavae," akasema. "Hiki chakula hata mtoto mchanga angekimeza."

Alisema kwa kicheko, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni tu. Kwa kweli aliogopa. Kazi ile aliianza na meza ya kuazima, na zaidi ya mikono yake hakuwa na kitu kingine cha kujivunia. Kinywa hiki kikimkataa leo, kesho nani atamfunulia chake?

Mama akayavaa meno taratibu, ya juu, kisha ya chini. Akachota kijiko. Akatafuna. Kruu. Kruu. Kruu. Mbuzi anayekula mahindi makavu ana kelele kidogo kuliko zile. Akasita, akatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili, akakiweka ukingoni mwa sahani. Kijiwe. Akaendelea. Kruu, kruu, cha pili, akakipanga kando ya mwenzake. Kisha cha tatu. Mwanawe wa kike alikuwa anakunywa maji glasi baada ya glasi, na shemeji ameacha kula kabisa, anahesabu.

Fundi hakuyaona mawe. Aliona meno tu. Yanatafuna! Hayachezi, hayachomoki!

"Mnaona?" akapaza sauti. "Mnaona kazi hiyo?" Akakijaza kijiko chake pomoni, akakisukumia chote kinywani, akauma kwa furaha zake zote.

Ka!

Sauti hiyo hakuna aliyeijua kuliko yeye. Lilikuwa gego la chini, kushoto, la kuzaliwa nalo, zima maisha yake yote, na sasa vipande viwili. Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Na jiwe la nne hilo," mama mkwe akasema. Kwa meno yale, kila neno lilitoka limenyooka. "Pole, mkwe."

"Mama," fundi akaguna, mkono shavuni, na hata katika hali ile hakuweza kujizuia, "meno... yakoje?"

"Mazuri sana. Tangu siku ya kwanza ni mazuri."

"Sasa mbona ulikuwa huyavai?"

"Niyavae nipite nayo wapi? Mbele ya duka lako, fizi zangu zimelazwa dirishani, watu wanazitazama kama viatu vya kuuza? Nimekuomba mara tatu kwa mdomo wa mwanangu. Mara tatu!" Akasogeza sahani. "Niongeze mchuzi, una ladha. Choroko ziache humo humo sufuriani."

Fundi aliyekuwa na jibu la kila kitu akamwongeza mchuzi.

Jumatatu kweli mtu alipelekwa ng'ambo ya barabara, kwa sababu hakuna fundi anayeweza kupima taya lake mwenyewe. Kabla hawajavuka, fundi alilifungua kabati la kioo, akaifunga ile plasta kwenye kitambaa chake chekundu, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Shavu limevimba, na masikio yanamwaka kwa aibu. Mama akaitia kikapuni, akamshika kiwiko, wakavuka pamoja, yeye anasalimia kila anayepita kwa meno yote ya juu na ya chini.

Yule wa ng'ambo hakumcheka. Alimkalisha, akamjaza kinywani lile donge laini la kupimia taya, kisha akauliza, "Jirani, umeuma nini?"

Fundi alitoa sauti ya puani.

"Choroko," mama akamjibia. "Kapika mwenyewe."

Hapo ndipo jirani alipocheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipotulia alilichomoa donge, akalitazama kwenye mwanga, gego lililopasuka limejichora humo bila kukosea.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia yule jirani, akitabasamu kwa meno mazuri kuliko yote yaliyokuwa barabarani siku ile, "plasta yake ikishakauka usiitupe. Naona na wewe una kabati dirishani."