Mita Nyumbani kwa Mkwe

Shimo la kumi na moja lilimgomea Roza. Chini ya udongo mweusi kulikuwa na jiwe, na mvua ya Rungwe ililijaza shimo maji kila alipoinua chepe. Alichuchumaa, akachota matope kwa sufuria, kisha akaanza upya kuligonga lile jiwe kwa mtaimbo. Pembeni, chini ya mwavuli, mwenyekiti wa kamati ya umeme, Sosthenes, alikuwa anapima mashimo kwa macho.

"Mita moja na nusu, mama. Hilo bado fupi."

"Kuna jiwe, mwenyekiti."

"Nguzo haijui jiwe."

Hivyo ndivyo umeme wa jua wa kijiji ulivyojengwa. Mfadhili alileta paneli, betri na bango kubwa la kujisifu. Kijiji kilitoa mgongo. Kila kaya ilitakiwa kufanya kazi siku kumi na sita, na ujira wake ungekuwa hisa moja: uniti ishirini kila mwezi na mita yake ukutani. Wenye uwezo walituma vibarua. Roza, mjane wa Isakwisa, alijituma mwenyewe.

Alikuwa anafuga vifaranga. Baridi ya Juni kule juu haina mchezo. Kila akileta vifaranga mia, thelathini hufa wamebanana kando ya jiko la mkaa, na moshi unawadhoofisha waliobaki. Taa moja ya joto ingetosha. Alishainunua Tukuyu mjini, ikawa inangoja kwenye boksi chini ya kitanda. Siku zote kumi na sita alichimba kwa ajili ya taa ile.

Siku ya kufunga mita, mafundi walipita kwake bila hata kusimama, wakavuka migomba, wakaifunga sebuleni kwa baba mkwe wake, Mzee Lutengano.

Kamati ilikuwa imetumia daftari la kijiji, na kwenye daftari lile mjane hana kaya. Mume akifa, mke anarudishwa kwenye hesabu ya baba wa mume, pamoja na ng'ombe na migomba. Siku za Roza ziliandikwa kwa jina la mzee ambaye hakushika hata jembe.

"Sasa si mtatumia wote?" Sosthenes alimwambia ofisini. "Umeme wa familia. Peleka vifaranga wako kule, uwashe taa yako."

Alijua anachosema. Sosthenes ni mzaliwa wa palepale, hakuletwa na paneli. Anajua kwamba mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni wala haingii chumba alichomo. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia vichakani mpaka mzee apite. Roza alikuwa amejificha hivyo kwa miaka kumi na tisa.

"Mle siwezi kuingia, mwenyekiti, na wewe unajua. Niandikeni kaya yangu. Kazi nimefanya mimi."

"Inawezekana kabisa. Mkuu wa kaya anakuja hapa, mnakaa mbele ya kamati, anatamka kwamba amekutenga uwe na kaya yako, anasaini. Mradi wetu ni shirikishi."

Neno hilo alilipenda sana. Alikuwa amelipata kwenye semina Mbeya mjini, pamoja na begi lenye nembo ya mradi.

"Si aandike barua tu?"

"Lazima muwepo wote wawili. Ana kwa ana."

"Ana kwa ana na mkwe?"

"Mama, mradi hauna mila." Akacheka. Wajumbe wawili nao wakacheka, maana semina ijayo ni yeye atakayechagua wa kwenda.

Alhamisi, siku ya kikao ambacho mzee naye aliitwa, Roza alikwenda. Alikaa kwenye benchi, khanga kichwani, akijiambia kwamba safari hii hatanyanyuka. Kisha akasikia mzee anakohoa nje na fimbo yake inagonga ngazi. Mwili ukanyanyuka kabla yeye hajaamua. Alitokea mlango wa nyuma, akapita choo, akazama kwenye mahindi, akajikunyata humo huku akijichukia.

Mzee Lutengano hakuwa mtu mbaya. Alikunywa soda ya kamati, akaulizwa kama ana tatizo lolote na umeme, akasema hana.

Muhtasari ulibandikwa mlangoni kesho yake: "Mlalamikaji aliondoka kwa hiari yake. Shauri limefungwa." Kwa hiari! Watu wanaojua kuandika namna hiyo hawakosi posho.

Juni ikafika. Vifaranga arobaini na wawili walikufa wiki ya kwanza. Wiki ya pili alikuja Jailos, mjumbe wa kamati, na barua. Waya wa kwenda kwa mzee ulikuwa umepitishwa juu ya uwanja wa Roza. Jailos alisoma kwa sauti ya kikao:

"Kwa Mkuu wa Kaya, Roza Isakwisa. Mparachichi ulio katika eneo la kaya yako unagusa waya. Kaya yako inaagizwa kuukata leo. Ikikaidi, itachukuliwa hatua."

"Soma tena pale juu."

"Kwa Mkuu wa Kaya."

"Nani kaandika?"

"Mwenyekiti. Muhuri huu hapa."

"Basi mimi ni kaya. Nileteeni mita."

Jailos alionekana kumwonea huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Hii ni ya mti, mama. Ya mita ni daftari lingine."

Mparachichi ulikuwa umezaa. Matunda yalikuwa bado madogo, magumu, hata nguruwe wasingeyataka. Roza alichukua shoka. Jailos alisogea asichafuliwe viatu, akapiga picha mbili kwa simu, mti ukiwa umesimama na mti ukiwa chini, kisha akatoa fomu na kalamu kwenye begi.

"Saini hapa, kwamba agizo limetekelezwa."

Roza alijifuta mikono kwenye khanga, akaiweka fomu juu ya kisiki kibichi, akaandika jina lake lote, polepole, kwenye mstari wa mkuu wa kaya.