Zamu ya Maji Hatta

Mimi na milima tulishaachana zamani, na nisingepanda gari lile kama si Dorah. Binamu yangu huyu alifiwa na mama yake, madam wake wa kazini hapa Dubai akamnyima ruhusa ya kwenda Kenya kuzika. Kwetu mfiwa huoga kwenye maji yanayotiririka, la sivyo msiba hukaa naye. Tangu apigiwe simu ya msiba Dorah hakuwa amelia wala kulala vizuri, na maji ya bomba aliyakataa katakata.

Siku yetu ya mapumziko, Clifford, mwenzetu wa kanisani anayeendesha watalii, akaazima gari la arbab wake, yaani bosi wake, tukaenda Hatta. Ni Dubai ile ile, lakini ungeapa umevuka mpaka.

Lami ilipokwisha Clifford alishuka kupunguza upepo matairini, kisha tukaingia njia ya mawe. Nikamwambia kama nia yake ni kutuua aseme mapema.

"Roselyne, shika hapo juu unyamaze," akacheka.

Tulipofika kileleni, nilichungulia dirishani. Milima ilisimama safu nyuma ya safu, myeusi, myekundu, bila hata unyasi, kama Mungu ametoka kuiumba asubuhi ile. Niliogopa, tena nilifurahi.

Bondeni tulikuta mto mkavu. Dorah aliutazama mchanga, akasema, "Basi turudi."

Ndipo tukasikia maji. Nyuma ya mitende kulikuwa na mfereji mwembamba wa mawe, wa enzi za mababu, maji yake yakitoka tumboni mwa jabali na kwenda yenyewe, bila pampu. Mahali pakavu namna ile! Dorah alivua viatu, akatumbukiza miguu yote miwili.

"La! La!"

Mzee mmoja, Faris jina lake, alikuja mbio na jembe begani. Hapo juu, alifoka, ni pa kunywa kijiji kizima! Dorah akaruka nje. Hapo nikajua maji yamezidi unga. Clifford aliomba radhi kwa Kiarabu chake cha kuokoteza: mama yake amekufa, Kenya, hakwenda kumzika.

Mzee alishusha jembe, akamtazama Dorah. "Taali, binti," akasema, akimpungia mkono amfuate.

Alitupeleka chini, mahali pa kuogea. Maji pale yalikuwa uzi tu, maana ilikuwa zamu ya shamba lake kumwagiliwa, na zamu ikipita, alimwambia Clifford, mitende hungoja hadi mzunguko mwingine. Akainama, akaziba mlango wa maji ya shamba lake kwa jiwe na matambara. Mfereji ukajaa mbele yetu. Yeye na Clifford wakatugeuzia mgongo.

Dorah aliketi majini na nguo zake zote. Nilimmwagia maji kichwani kwa viganja. Halafu akaita, "Mama!" na kilio kikamtoka, kikapiga milimani kikaturudia.

Mzee Faris hakugeuka. Alisimama pale juani, zamu yake ikipita, mpaka Dorah alipomaliza kulia.