Ukanda wa Hatua Mbili

Saa moja kasorobo asubuhi mpimaji ardhi mstaafu alitoka kwa mlango wa jikoni na koleo dogo, ndoo ya plastiki isiyo na mkono na mfuko wa majivu. Alivaa viatu vya mvua ingawa mvua haikuwa imenyesha wiki nzima, kwa sababu alikuwa ameshakanyaga mara mbili. Bustani yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba: mchicha, bilinganya, nyanya na vitunguu, kila tuta limenyooka kama limepigwa rula. Akainama, akahesabu. Yalikuwa mafungu kumi na moja ya mavi ya paka, mabichi, kila moja limefukiwa nusu kiungwana.

Tuseme ukweli, alikuwa amejitahidi. Alinyunyiza pilipili ya unga, paka wakapiga chafya na kuendelea na shughuli zao. Alitawanya maganda ya ndimu. Alichomeka miiba, nao wakaichomoa kwa meno na kuiweka pembeni, ncha zote zikielekea upande mmoja. Alining'iniza makopo yenye kokoto, akamwaga maji ya kufulia, akatandaza wavu. Siku moja alifunika tuta zima la mchicha kwa mbao. Kesho yake mafungu yalikuwa juu ya mbao, kila moja mahali pake pa jana.

"Baba watoto, hao unawalea au unawafukuza?" mkewe alimwuliza kutoka dirishani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na jicho lake lilikuwa futi kamba tosha. Angeweza kumtazama mtu akivuka barabara akajua kiuno chake. Asubuhi hiyo alitoka na kikombe cha chai, akasimama penye kona ya bustani, akaangalia kwa muda.

"Hawavuki hapa," alisema, akionyesha kwa kidole cha mguu. "Kutoka kwenye uzio mpaka hapa tu. Mbele mpaka nyuma, upana ni ule ule."

"Wanapenda udongo laini."

"Na huku kwenye nyanya ni saruji?"

Mpimaji akajidai anakung'uta koleo. Upana alikuwa anaujua. Ulikuwa hatua mbili za mtu mzima, na alikuwa ameujua kwa miaka thelathini na mmoja.

Mtaa ule aliupima yeye mwenyewe, enzi hizo akiwa bado mkuu wa kikosi, mwenye vijana wanne na mashine ya miguu mitatu. Viwanja viligawiwa, na yeye akapata kimoja, kama wengine. Kilikuwa cha changarawe tupu. Lakini kiwanja cha pili yake, upande wa kushoto, kilikuwa na ukanda wa udongo mweusi ulioachwa na kijito cha zamani, udongo ambao mtu mwenye kupenda mboga akiuona anameza mate. Mchana mmoja vijana wake walipokwenda kula, alichimbua jiwe la mpaka la mbele na jiwe la mpaka la nyuma, akayasogeza hatua mbili kushoto, akayashindilia vizuri. Kesho yake akachora ramani kufuata mawe. Ikapigwa mhuri. Kazi yote haikumchukua hata nusu saa, na jembe alilorudisha ghalani alilifuta kwanza.

Mwenye kiwanja hicho alikuwa mpeleka barua, mtu aliyekula njia kwa miguu maisha yake yote. Siku aliyogawiwa alikuwa amekipima kwa hatua, akapata thelathini. Baada ya wiki akapima tena, akapata ishirini na nane. Alikuja kumwuliza mpimaji, kwa adabu, kofia mkononi. Mpimaji akamweleza kitaalamu kwamba mtu akipewa kiwanja hutembea kwa madaha, hatua fupi fupi, na akishakizoea hurefusha mguu. Mpeleka barua alishukuru kwa maelezo. Ila hakuacha kupima. Kila Jumapili alionekana uani kwake, mikono nyuma, akihesabu kwa sauti, mpaka mtaa ukambatiza jina la Thelathini. Watoto walimwita hivyo, wauza duka walimwita hivyo, hata mkewe alimwita hivyo akitaka kumtania. Alifariki mwaka juzi. Mpimaji alibeba jeneza, upande wa kichwani.

Sasa, kuhusu paka. Walianza kuja siku chache baada ya arobaini ya msiba. Mwanzoni walikuwa paka wa majirani, watatu wanne. Kisha wakaja wa mtaa wa pili, na wengine ambao hakuna aliyewajua, wenye mavumbi ya safari miguuni. Walifika saa kumi na mbili na nusu, wakaketi barazani kwa mpimaji wakisubiri zamu, bila kusukumana. Muuza maziwa aliwapitia kila siku akawasalimu. Mama mmoja wa nyumba ya kona alilalamika tu kwamba paka wake siku hizi anachelewa kurudi kwa sababu foleni ni ndefu.

Asubuhi iliyofuata mpimaji aliamka mapema, akakaa nyuma ya pazia. Paka mkubwa wa kijivu alisimama penye kona ya mbele, pale pale jiwe la mpaka lilipokuwa zamani, mkia wima, akafumba jicho moja. Mweupe akaenda kona ya nyuma, naye akasimamisha mkia. Wa kijivu akatikisa sikio la kulia, na yule mweupe akasogea kidogo kulia. Akatikisa tena, akasogea tena, mpaka wote wawili wakaridhika. Kisha wakabadilishana nafasi wakapima upya kutokea nyuma. Ndivyo mpimaji alivyokuwa akiwafundisha vijana wake: kipimo kisichorudiwa si kipimo. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kurudia tangu alipopandishwa cheo.

Paka wengine wakaingia kati, mmoja mmoja kwa umbali sawa, wakafukua. Walipoondoka mpimaji alivuta uzi kutoka kona hadi kona. Uzi ulipita katikati ya kila fungu. Akakaa chini pale pale kwenye vitunguu, akaona haya, haya ya mtu mzima ambayo haina pa kukimbilia.

Alipoinua kichwa mkewe alikuwa ameshafika. Alitembea kutoka kwenye uzi mpaka kwenye uzio, kisigino kwa kidole, akarudi, akatazama ng'ambo ambako uani kwa jirani kulikuwa na kamba ya nguo na godoro la mtoto limesimamishwa ukutani. Kuanzia siku hiyo hakuchuma tena mchicha wa ukanda ule. Alinunua sokoni, akaupika, akamwekea mezani bila maelezo, na mpimaji alikula akitazama sahani.

Mke wa marehemu ndiye aliyebaki katika nyumba ile, pamoja na binti yake aliyeachika na wajukuu wawili. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na sebule. Wajukuu walilala sebuleni chini ya meza, na mdogo bado alikuwa anakojoa kitandani, kwa hiyo kila asubuhi kulikuwa na godoro la kuanika na mtoto wa kubembelezwa. Jirani alitaka kuongeza chumba ubavuni. Ofisi ya ujenzi ikamkatalia mara mbili: chumba kingekaribia mno mpaka, uwanja umepungua mita moja na nusu.

Jumamosi alikuja na bakuli la karanga, akakaa jikoni.

"Shemeji, kwanza samahani kwa paka wangu. Na yeye namwona kwenye foleni, mshenzi yule."

"Usijali, shemeji. Wanyama hao."

"La pili, nina shida." Akakunjua karatasi. "Wanasema nikileta kipimo kilichowekwa saini na mtaalamu, watafikiria upya. Nikasema, mtaalamu si huyu hapa, tena ndiye aliyepima mwanzo? Wewe ukisema thelathini, watasema thelathini. Na ukisema ishirini na nane, basi nami nitaacha kuwasumbua watu. Nitajua marehemu alikuwa anapiga chuku tu, Mungu amrehemu."

Mkewe mpimaji alikuwa akikata vitunguu. Kisu kikasimama.

Mpimaji aliomba siku mbili. Siku hizo mbili hakulala vizuri, tusimwonee. Alifungua kabati akatoa ramani ya zamani, akaipangusa, akairudisha. Alijisemea kwamba angemwambia kweli, akayafanyia mazoezi maneno yenyewe akiwa bafuni: shemeji, marehemu alihesabu sawa. Maneno manne tu. Yalikuwa yanatoka vizuri kabisa maji yakiwa yamefunguliwa. Kisha aliwaza saini yake kwenye ramani, pensheni, wanawe walioko kazini kwa jina lake, mtaa mzima ukimtazama kwa jicho la pembeni. Akafunga maji.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alivuka kwa jirani na futi kamba. Paka walikuwa wameshamaliza haja zao saa nyingi, lakini hawakuondoka. Walikaa kwenye bustani yake, mstari mmoja kutoka mbele mpaka nyuma, mikia wima, wakitazama upande huu. Uzio ulikuwa wa waya, kwa hiyo walionekana wote.

"Paka wako leo wamejipanga," binti wa jirani alisema, akiwa amembeba mdogo.

"Wanapenda jua la huko," mpimaji alijibu.

Binti alishika ncha ya futi kwenye ukuta wa mbali. Mpimaji akaivuta akitembea, akafika kwenye uzio, akasimama. Mbele yake, hatua mbili tu, paka wa kijivu alifumba jicho moja. Mpimaji aliisikia dhamiri ikimsuta waziwazi. Mkono wake wenyewe ulitaka kupitisha futi kwenye matundu ya waya na kwenda mpaka pale, na kwa muda fulani ulikuwa umeshaanza kuipitisha.

"Umepata ngapi, shemeji?" jirani aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

Akaurudisha mkono.

"Kwa hatua, ishirini na nane."

Jirani alitikisa kichwa polepole. Kisha akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo. "Miaka yote ile. Jamani, yule mzee. Nami kuna siku nilianza kumwamini." Akajifuta kwa ncha ya kanga. Mpimaji akaandika namba, akaweka saini, na saini ilitoka nzuri, haikutetemeka hata herufi moja.

Aliporudi mkewe alikuwa mlangoni.

"Umesoma ngapi?"

"Ulisikia."

"Nataka unitazame unapotaja."

Hakutaja. Mkewe akamfungulia njia apite.

Juma lile lile mpimaji aling'oa mchicha wote wa ukanda ule. Akaleta mchanga laini toroli kumi na nane, akaumwaga kutoka mbele mpaka nyuma, hatua mbili kamili, akausawazisha kwa reki. Akaweka beseni la maji kila mwisho. Mtaa ulimsifu. Paka waliupokea mchanga kama walivyoupokea udongo: walipima, wakarudia kutokea nyuma, wakafukua, wakafukia. Kila asubuhi aliokota, akasawazisha, na moyo wake haukuwa mwepesi hata kidogo. Ukanda ule haukuwa tena wake. Wala haukuwa wa mwenyewe.

Jirani alimkuta hapo asubuhi moja, akasimama upande wake wa waya, godoro la mjukuu mgongoni likidondosha maji.

"Una roho nzuri, shemeji," alimwambia. "Mtu mwingine angewatilia sumu."

Mpimaji aliendelea kuvuta reki.

"Nilitaka kukuomba. Kwangu hapana nafasi ya kuanika, jua linaishia huku ukingoni. Naweza kulitundika hili kwenye uzio wako?"

"Tundika tu, shemeji. Wala usiwe unaomba."

Alilitundika, akalikung'uta, akashukuru. Na kesho yake akaja, akaomba tena.