Mlango wa Jana Hauwaki

Mlango niliuchonga mwenyewe. Ni mlango wa mbao wa kawaida, rangi ya kijivu, kama ile ya ofisi za serikali, na kuzunguka kitasa rangi imebanduka mpaka mbao inaonekana. Kubandua huko kulinichukua siku mbili. Nilikaa na msasa nikisugua pale ambapo mikono ya watu mia mbili kwa siku ingegusa, kisha chini kabisa, pale ambapo mtu mwenye mizigo angesukuma kwa mguu. Kizingiti nacho nilikichimba kidogo katikati, kionekane kimeliwa na viatu.

Ni mlango wa kwenda jana.

Katika skripti yangu ya filamu, serikali imepata njia ya kumrudisha mtu jana kwa saa moja. Hakuna zaidi ya hapo. Unapanga foleni, unajaza fomu, unaingia, unamaliza ulichosahau, unarudi. Huruhusiwi kubeba kitu wala kumwambia mtu wa jana habari za leo. Mlango una miaka kumi na tisa, watu wameshauzoea. Kuna anayerudi kufunga gesi, na kuna anayerudi kumsikia mama yake akikohoa chumba cha pili, basi.

Niliiandika kwa miaka sita, Jumapili na nyakati za mchana gundi ikikauka. Sikusomea uandishi. Nina daftari tu. Kabla ya kuandika kazi ya mtu yeyote, namfuata mwenye kazi hiyo, namweleza kile kisichowezekana kana kwamba kimeshatokea, halafu namuuliza: wewe ungeanza na nini? Mlinzi mmoja alisema angetaka kujua kama saa aliyokaa jana inahesabiwa kwenye zamu. Mama mfagiaji aliuliza takataka za wasafiri zinabaki upande gani, maana hataki kufagia siku mbili kwa mkupuo. Niliwauliza watu thelathini na wanne. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mlango unafanyaje kazi.

Nilipodhani nimemaliza, nilimpelekea dada yangu. Yeye ni karani wa masjala hospitalini, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Aliisoma jikoni kwake, kalamu nyekundu sikioni, mimi nikimenya vitunguu ili nisimtazame.

"Hawa wakishaingia," aliuliza, "wanapokelewa na nani?"

"Wapi?"

"Kule jana."

Nikaacha kumenya.

"Mdogo wangu, umeweka karani huku, umeweka mlinzi huku, foleni huku. Kule mtu anachomoza tu kama mzimu? Jana nako si ofisi? Si kuna watu wameamka, wamevaa, wamekwenda kazini?"

Hilo ni kosa letu sisi maseremala. Ukipachika mlango unasimama upande wa bawaba, unaufungua na kuufunga mara kumi, unaridhika. Upande wa pili unaujua siku mwenye nyumba akilalamika. Nilikuwa nimeandika kurasa tisini nikiwa nimesimama upande mmoja.

"Na huyo karani wa jana ana kibarua," dada aliendelea. "Anapokea watu wanaotoka kesho. Mtu akiingia macho mekundu, karani ameshajua kesho kuna msiba. Ataendaje nyumbani jioni na habari hiyo?"

"Kwa hiyo afanyeje?"

"Asiwatazame usoni. Na ningekuwa mimi, ningeweka bomba palepale mlangoni, na tangazo. Nawa uso kabla ya kuhudumiwa."

"Watu watauliza kwa nini."

"Watu hawaulizi matangazo, wee. Nimekaa dirishani miaka yote hii. Wanalisoma, wanaguna, wananawa."

Niliandika upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Karani wa jana, mwanamke asiyeruhusiwa kutazama nyuso, akawa ndiye mwenye hadithi.

Kampuni ya filamu ilinijua kwa useremala tu. Niliwatengenezea kuta za bandia na vitanda vya kuvunjika. Mkurugenzi wao, ambaye wote tunamwita Bosi, alisoma skripti kwa sababu simu yake iliisha chaji karakanani kwangu na hakuwa na kingine cha kutazama. Alimaliza akiwa amesimama. Alisema anaitaka. Aliniambia nichonge mlango, na kwamba Jumamosi waigizaji wataisoma mezani, kisha nitasaini mkataba. Nililala vizuri wiki ile. Sikumbuki wiki nyingine kama hiyo.

Jumamosi asubuhi nilipanda hadi ghorofa ya tatu. Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na watu kumi. Mlango wangu walishaufikisha, umesimamishwa pembeni kwenye fremu ya muda. Nilikabidhiwa nakala. Jina langu lilikuwa juu. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikakuta mtu nisiyemjua.

Alikuwa profesa, amevaa koti jeupe, amesimama mbele ya ubao. Alieleza kwa kurasa nne jinsi mlango unavyokunja wakati. Ukurasa wa tano mlango wenyewe ukatokea: unawaka buluu na kutetemesha ardhi. Karani wa jana nilimkuta ukurasa wa thelathini na moja. Analia kwa uchungu. Bomba halikuwepo.

"Fundi, usinune," Bosi alisema. "Nimeichangamsha tu."

"Sijanuna, Bosi. Nasoma."

Niliisoma yote. Ilichukua zaidi ya nusu saa, wenzangu wakaenda kunywa chai na kurudi. Sipendi kusema juu ya kitu nilichokiona nusu. Na si kila alichofanya kilikuwa kibaya: alikuwa ameondoa tukio moja la foleni lililojirudia, nikaweka alama ya vema pembeni. Kisha nikauliza:

"Huyu profesa anamweleza nani?"

"Watazamaji."

"Ndani ya hadithi. Amesimama mbele ya nani?"

Bosi alifikiri. "Wanafunzi."

"Mlango una miaka kumi na tisa. Hao wanafunzi wamezaliwa wameukuta. Anawafundisha kitu ambacho bibi zao wanapita Jumatano?"

"Fundi, mtu asipoelewa hawezi kuamini. Hii ni sayansi."

"Lifti ya humu inafanyaje kazi?"

"Inapanda, inashuka."

Watu walicheka. Bosi naye alicheka.

"Unaiamini?"

"Naipanda kila siku."

"Mimi siipandi ng'o," alidakia kijana aliyepewa nafasi ya profesa. "Juzi imenifungia humo dakika arobaini."

"Nani alikufungua?" nikamuuliza.

"Yule mlinzi wa chini. Ana kijiti chake cha kubania mlango. Anakiweka mfukoni mwa shati, eti kampuni ya lifti wasikione."

"Basi skripti yangu ni huyo mlinzi na kijiti chake," nikasema. "Ukinionyesha kijiti, lifti naiamini. Ukinionyesha mchoro wa lifti, naanza kutafuta kosa."

Bosi aliweka viganja mezani. Si mjinga, na sikuwahi kumdhania hivyo. "Maneno matamu hayo," alisema. "Lakini mtu amekata tiketi aone kitu ambacho hajawahi kukiona. Mlango umechakaa anao nyumbani."

"Ataona mwanamke anayemhudumia mtu na kumwogopa uso. Hajawahi kuona hilo."

"Tusibishane." Alisukuma boksi kwa mguu mpaka nilipokuwa. "Humo kuna taa za buluu na drili. Toboa matundu ishirini na nne kuzunguka mlango, tuwashe, uone mwenyewe. Ukiona utanishukuru. Halafu tunasaini, tunaanza kusoma, tunakwenda nyumbani."

Nitasema ukweli. Nilinyanyuka nikapima. Nilitoa futi mfukoni, nikagawa nafasi, nikaweka alama za penseli upande mmoja mzima kutoka juu hadi chini, zimenyooka. Mikono yangu imeshazoea kutii oda. Nilikuwa nimeshachomeka drili kwenye umeme nilipoona pale karibu na kitasa kwamba tundu la tisa lingeangukia palepale nilipobandua rangi kwa siku mbili.

Nikachomoa waya, nikauviringisha vizuri, nikarudisha drili kwenye boksi.

"Sitoboi."

"Fundi, mlango huo ni wangu. Mbao nilinunua mimi."

"Kweli. Mlango ni wako, mtafute mwingine autoboe. Skripti bado ni yangu, sijasaini."

"Unajua ni wangapi wangetamani kukaa kwenye kiti hicho?"

"Najua. Mmoja wao ni mimi."

"Itakufia kabatini!"

"Imekaa kabatini miaka sita, haijaoza."

Sikupaza sauti, sina sauti ya kupaza. Nilichukua penseli yangu ya kazi na rula ya chuma, nikazunguka meza. Nakala zilikuwa kumi na moja. Kila niliyemfikia nilimwomba ruhusa, nikalaza rula juu ya jina langu, nikapiga mstari mmoja. Nilisikia penseli tu, na Bosi akifungua chupa ya maji na kuifunga bila kunywa. Nilipoipiga mstari nakala ya Bosi ikabaki moja tu, ya mama mmoja aliyekaa kichwani mwa meza. Huyu aliishika nakala yake kwa mikono miwili.

Huyo mama kila mwenye televisheni anamjua. Wanamwita Mama Machozi, na ndiye aliyepewa nafasi ya karani.

"Kwangu subiri kwanza," alisema. "Ile ya zamani unayo?"

Nilikuwa nayo mkobani. Alivaa miwani akasoma kimyakimya, akilamba kidole kila anapofunua.

"Mama, tunapoteza muda," Bosi alisema.

"Mwanangu, nimelia filamu ishirini na mbili. Nimelia harusini, nimelia jangwani, nimelia nimefungwa kamba miguu juu. Niache nisome kurasa nne." Akanigeukia. "Humu silii hata tone?"

"Hairuhusiwi, mama. Ukilia foleni nzima itajua kesho kuna nini."

"Hata kidogo? Pembeni?"

"Hakuna pembeni. Dirisha lako ni la kioo."

Alirudi kwenye ukurasa wenye dirisha hilo, akausoma tena. Kisha akanisogezea nakala ya kampuni. "Haya, piga mstari wako."

Nikaupiga. Nikawaaga wote, nikamshika Bosi mkono, naye akanipa, kwa sababu tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Nikashuka kwa ngazi. Nilipokaribia chini nikakaa kwenye ngazi ya tatu kutoka mwisho. Nilikuwa nimejinyima kitu nilichokitaka kuliko chochote, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Nilijiuliza kama ni msimamo au ukaidi tu. Nilijua tu kwamba nikipandishwa tena juu nitapiga mistari ileile kumi na moja.

Nyuma yangu nikasikia viatu vinashuka polepole, na mtu anahema.

"Wewe mtoto unatembea haraka," Mama Machozi alisema. Alijishusha akakaa kando yangu, mkoba mapajani, skripti yangu mkononi. Sikuwa nimekumbuka kuichukua. "Nina swali. Huyu karani ana mtoto?"

"Ana wa kiume. Yuko ukurasa wa sita, anaomba nauli."

"Siku huyo mtoto akitokea mlangoni, anatoka kesho, ameshanawa uso. Mama yake ameinamisha kichwa kama sheria inavyosema. Atamjua?"

Sikuwa nimelifikiria. Dada yangu hakulifikiria. Watu thelathini na wanne hawakulifikiria. Nilitafuta penseli, nikakuta bado nimeishika.

"Sijui," nikasema.

"Mimi ningemjua. Kwa miguu. Mwanangu wa pili anaburuza kisigino toka ana miaka miwili, nimempigia kelele mpaka nimechoka." Alifunua kurasa. "Atamjua kwa miguu, na haruhusiwi kuinua kichwa. Na mtoto naye anajua mama amemjua. Hapo watasemaje?"

"Atamwomba fomu," nikasema taratibu. "Kama mtu yeyote."

"Eeh. Jina kamili?"

"Jina kamili. Na sababu ya safari."

Mama Machozi akainamisha kichwa kama karani. Macho yalikuwa makavu kabisa.

Mlinzi alitukuta hapo. "Wazee, hapa hapakaliwi. Mnaziba njia."

"Wapite pembeni," Mama Machozi alisema. "Tuko kazini."

Mlinzi alimtazama, akamtambua, akajikuna shingo na kwenda kusimama mbali kidogo. Watu walianza kushuka. Yule kijana wa profesa alitupita, akarudi ngazi mbili, akasikiliza, akaendelea. Niliandika nyuma ya ukurasa wa arobaini na mbili, kisha pembeni yake, kisha nikageuza karatasi na kuandika kwa kukatisha.

Bosi alishuka wa mwisho. Alisimama nyuma yetu. Tulikuwa tumejaza ngazi nzima.

"Jumatatu natafuta mwandishi mwingine," alisema.

"Msalimie," nikamjibu. Nikasogeza mguu apite, sikusimama.

Akapita. Mama Machozi hakuinua kichwa. "Endelea," aliniambia. "Kwenye sababu ya safari, mtoto anaandika nini?"