Vibendera Thelathini na Saba

Ijumaa Jovina alichomeka vibendera vyekundu thelathini na saba kati ya mawe makubwa ya ufukweni, kimoja kando ya kila mmea. Ilikuwa mimea midogo yenye maua ya zambarau, jamaa ya kiduha, gugu lile linalofyonza mizizi ya mahindi. Ila hii ilijishikiza kwenye nyasi za porini tu, wala haikumdhuru mkulima yeyote. Miaka minne alikuwa ameitafuta kandokando ya ziwa, na ni hapa tu alipoipata. Kwa furaha alipita kwa Mama Kija, mkulima wa pale kijijini, akamwambia harakaharaka kwamba ameweka alama kwenye kiduha cha kule maweni na angerudi Jumatatu. Kisha akawahi gari, akarudi kwake Kiseke.

Jumatatu vibendera vyote vilikuwa vimesimama. Mimea haikuwepo, hata mmoja. Penye kila kibendera palikuwa na kishimo, na juu ya jiwe moja bapa kulikuwa na majivu.

Alikaa chini. Alikuwa bado anatafuta wa kumlaani alipomwona Mama Kija anakuja, jembe begani, uso umejaa bashasha. Jana, mama alieleza, wanawake sita walitoka misa ya kwanza wakaja moja kwa moja. Waling'oa, wakachoma, hawakuacha hata mzizi.

"Ulitufundisha mwenyewe, bibi shamba," alisema. "Penye kibendera, ng'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu. Tangu mwaka ule sijalala njaa. Nikasema, safari hii asihangaike peke yake."

Ni kweli. Kabla hajahamia kazi ya kuhifadhi mimea, Jovina alikuwa bibi shamba wa kijiji hiki, na somo hilo alilirudia misimu mitatu mpaka sauti ikamkauka. Kumbe walikuwa wanamsikiliza.

Mama Kija alimtazama usoni, bashasha ikamtoka.

"Kuna tulipokosea, mwanangu?"

Jovina aliiangalia mikono ya mama yule, imechubuliwa na mawe.

"Hapana, mama. Mlifanya kama nilivyowafundisha."

Walichomoa vibendera pamoja, wakaagana. Alipobaki peke yake alifungua fomu yake ya sensa. Penye idadi ya mimea iliyobaki aliandika sifuri. Penye aliyesababisha upotevu hakuandika wanawake wala kijiji. Aliandika majina yake, yote matatu, kwa herufi kubwa.