Sauti ya Saulo

Ndegwa alijulikana Gilgil kwa sauti kabla hajajulikana kwa uso. Yeye na mkewe Wariara walikuwa na ukumbi wa video nyuma ya soko, nyumba ya mabati yenye mabenchi na projekta moja, na siku za wiki walionyesha mpira na filamu za ngumi. Lakini kazi iliyowapa jina ilikuwa katuni ya Jumapili. Watu wakitoka kanisani, wangali na suti zao na watoto waliopakwa mafuta yakang'aa, walimiminika humo kuona hadithi moja tu, ileile, mwaka baada ya mwaka.

Ilikuwa hadithi ya binti wa mfalme aliyeibiwa kicheko. Mchawi wa milimani alikifungia ndani ya kengele akaitupa mbali, na kijana mmoja mfua kengele akavuka nchi pamoja na yule binti kwenda kuitafuta, akampenda njiani kabla hajamsikia akicheka hata mara moja. Wazungu waliochora katuni ile waliwapa watu wao majina ambayo hakuna mtu Gilgil aliyeweza kuyatamka, kwa hiyo Ndegwa alizima sauti zao zote akawabatiza upya. Kijana akawa Saulo, binti akawa Neema, na mchawi akawa Mama Ukungu. Jumba la mfalme alilihamishia kando ya ziwa Elmenteita, na kengele ikaangukia upande wa pili wa mlima Eburru. Walikaa kwenye meza ndogo kando ya pazia jeupe, kila mmoja na maiki yake, Ndegwa akiwa Saulo na wanaume wote, Wariara akiwa Neema na wanawake wote, na mbuzi pia.

Mahali palipongojwa na wote ni darajani. Pale Saulo anamshika Neema mkono, mto ukinguruma chini yao, anamwambia, "Neema, hata usipocheka tena maisha yako yote, mimi nitakuoa na kununa kwako." Akina mama walisema amina kama wako ibadani. Wengine wao waliiona katuni ile wakiwa wasichana, na sasa walikuwa wamepakata watoto wao. Siku hizi kila mtu angeweza kuitazama kwenye simu akiwa kitandani, na Ndegwa aliwahi kuhofia hilo, lakini mama mmoja muuza mitumba alimwambia kwamba katuni ya simu ni ya mtu mmoja, na ya pale ukumbini ni ya nyumba nzima.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Alikunywa tangawizi, akanyonya limau, akajifunga shali shingoni, wapi. Daktari wa Nakuru alimkuta na vinundu kooni, akavitoa, na akamwamuru asitamke neno lolote mpaka atakapoambiwa. Hata kunong'ona asinong'one.

Ndegwa alirudi nyumbani akamwashiria mkewe kwamba Jumapili wafunge. Wariara alikataa. Alisema watoto hawajui koo wala daktari, wanajua Saulo tu, na wakizoea kubaki nyumbani hawatarudi tena. Akaanza kutafuta mtu.

Aliyepatikana ni Kiptanui, Mkipsigis wa Keringet aliyeuza viazi pale sokoni. Hakuwa mgeni ukumbini. Yeye, mkewe Chepkemoi na binti zao wawili walikaa benchi la mbele kila mara, na wale wasichana walimlazimisha baba yao kuwaigizia katuni nzima wakati wa kulala. Maneno ya Saulo alikuwa nayo yote kichwani. Wariara alipomjaribu kando ya magunia ya viazi, wanunuzi walisahau bei wakasimama kusikiliza.

Jumapili ya kwanza Ndegwa alikaa nyuma, kwenye laptopu, kuiendesha filamu. Alikuwa amejiambia kwamba jamaa huyo atababaika na watu watamkumbuka yeye. Kiptanui hakubabaika. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote, na alipofika darajani akasema yale maneno, ukumbi ulinyamaza hivi kwamba mabati yalisikika yakilia kwa jua. Halafu amina ikaja, kubwa kuliko ile aliyoizoea Ndegwa. Moyo wake ulichomwa kama umeguswa na kijinga cha moto.

Lakini si amina iliyomwuma zaidi. Ni kwamba Wariara alimtazama yule mtu. Miaka yote aliyokuwa Neema kando ya Ndegwa, macho yake yalikuwa kwenye pazia, naye Ndegwa vilevile. Sasa, darajani, aligeuza uso wote kumwelekea Kiptanui, na midomo yake ilikuwa wazi kidogo.

Tangu siku hiyo Ndegwa hakuwa na amani. Mtu anayesema akiwa na wivu huuliza, hugomba, hutukana, mwisho hutulia. Yeye hakuwa na mlango wa kuutolea, ukabaki ndani ukichacha. Aliona kwamba Wariara amevaa rinda la buluu, lile la harusi za watu. Aliona kwamba chai ya chupa inamiminwa kwanza kikombe cha Kiptanui. Walipokuwa wakifanya mazoezi, alijipa kazi ya kufagia hapohapo miguuni pao, akifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Usiku mke wake akicheka usingizini, alijiuliza anacheka na nani. Alianza kumtumia Wariara ujumbe kwenye simu wakiwa chumba kimoja: Saulo hapumui pale. Saulo hasemi "aki" kama watu wa sokoni. Mwambie huyo si Mkipsigis, ni mfua kengele. Wariara alisoma, akaiweka simu chini, akaendelea kukata vitunguu.

Kiptanui mwenyewe hakujua lolote. Alimletea mgonjwa nusu gunia la viazi vya kwao na kumwombea apone haraka. Viazi vilikuwa vitamu, na hilo nalo lilimuudhi Ndegwa.

Siku moja Chepkemoi alihamia nyuma akakaa karibu naye, kwa sababu mtoto mdogo alitaka nafasi ya kulala. Ndegwa alimtazama kwa huruma ya mtu aliye kwenye msiba mmoja na mwenzake. Walipofika darajani alimgusa begani, akamwonyesha kwa kidevu wale wawili mezani. Chepkemoi alitazama, akatabasamu.

"Huyo amenisumbua nyumbani," alisema. "Hata akipakia viazi ananiambia ataishi na kununa kwangu. Na mimi hata sijanuna."

Akaendelea kumpapasa mtoto. Ndegwa aligeukia laptopu yake akiwa peke yake kuliko mwanzo. Kwa hiyo yule bwana alikuwa na maneno ya kutosha ukumbini na nyumbani pia.

Jumapili iliyofuata alifanya jambo. Saulo na Neema walipoanza kuukaribia mto, Ndegwa alibonyeza, na picha ikaruka. Daraja halikuwepo. Wapenzi walikuwa tayari ng'ambo, wanapanda mlima wa Mama Ukungu, bila mkono kushikwa wala neno kusemwa. Kiptanui alibaki ameshika maiki, mdomo wazi. Wariara hakugeuka.

Kisha msichana wa Kiptanui, yule mkubwa, akasimama juu ya benchi akasema kwamba wamekatiwa daraja. Watoto wengine wakaitikia. Mzee mmoja wa jeshi, mstaafu aliyekuja na wajukuu, alitaka irudishwe. Ndegwa alinyoosha mikono kuonyesha kwamba mashine imeharibika. Hapo muuza mitumba akaanza, bila kuambiwa na mtu, "Neema, hata usipocheka tena," na benchi lake likadakia, na lililofuata, mpaka ukumbi mzima, wanaume na suti zao na watoto wasiojua kusoma, ukawa unamwambia Neema kwamba ataolewa pamoja na kununa kwake. Juu ya pazia picha ilikuwa ya mlima mtupu. Hakuna aliyeijali. Ndegwa alikaa mbele ya mashine yake akijua kwamba hata akiichukua filamu yote akaizamisha ziwani, haitawatoka watu wale.

Jioni Wariara alikuwa jikoni akichambua mboga za sukuma. Hakupandisha sauti.

"Kwa nini uliruka daraja?"

Ndegwa aliashiria mashine.

"Mashine haina wivu," alisema Wariara. Aliweka kisu chini. "Unaona namwangalia Kiptanui. Namwangalia kwa sababu hajui mahali pa kuanzia, lazima nimpe ishara na macho. Wewe sikuwa na haja ya kukuangalia, nilikujua ukivuta pumzi." Alimgeukia. "Lakini wacha nikwambie kitu, mume wangu. Hayo maneno ya Saulo umeniambia kwa maiki tangu tuoane. Hapa nyumbani hujaniambia hata siku moja. Mimi pia nilikuwa nangoja Jumapili, kama hao watoto. Na leo hata hiyo umenikatia."

Akarudi kwenye sukuma yake. Ndegwa alitoa simu akaanza kuandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Aliona kwamba kumtumia maneno hayo kwa simu ni kumtuma tena mtu mwingine akaseme badala yake. Alichukua kisu cha pili akamsaidia kukata, na wakamaliza pamoja.

Siku daktari alipomfungulia kinywa, Ndegwa alishuka stendi ya Gilgil akapita watu waliomsalimia, "Niaje, Saulo," bila kuwajibu. Alikuwa amelibana neno moja tangu Nakuru na hakutaka litoke mahali pasipo pake. Alimkuta Wariara nyuma ya nyumba anaanika nguo.

"Wariara," alisema, "nakupenda."

Lilitoka kama jiwe linaloburutwa juu ya bati. Wariara alisimama na foronya mkononi. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akajishikilia kwenye kamba, nguo zote zikitingishika.

"Umesema kama Mama Ukungu," alisema, akijifuta macho kwa ile foronya. "Lakini nimesikia."

Sauti ya zamani haikurudi. Alijaribu kuwa Saulo mara moja, mtoto akalia, na wazee wakamwomba kwa heshima apumzike. Kiptanui akabaki darajani. Ndegwa akapewa maiki ya tatu, sauti ya Mama Ukungu na uchawi wote wa milimani, na watoto wa Gilgil wakaanza kufunika nyuso kila alipokohoa tu. Wageni walianza kufika kutoka Elmenteita kumsikia.

Wivu haukumwacha, mtu asikudanganye. Kila Jumapili Kiptanui akisema maneno yale, na Wariara akimwangalia ili ampe ishara, kitu humkaba Ndegwa palepale daktari alipokata. Hungoja. Dakika chache baadaye zamu yake hufika, Mama Ukungu hushuka na upepo wake kuwatenganisha wale wawili, na watu husema kwamba hakuna mchawi aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa moyo wake wote namna ile.