Godoro la Nyamizi

Mwaka hamsini na nne, watu walipokwisha kuuza pamba, wanawake wa Bariadi walimchagua Nyamizi aongoze ngoma yao kule Lalago. Jambo la kwanza alilowaza halikuwa wimbo. Aliwaza atalalia nini njiani. Safari ni ya miguu, siku mbili, na kiongozi wa ngoma hawezi kufika mwili umekakamaa. Ndivyo alivyojiambia. Kweli yenyewe ni kwamba alijipenda mno.

Wifi yake Benadetha alimpa ngozi ya ng'ombe walale wote wawili. Nyamizi akakunja pua: inanuka, tena ngumu kama mlango. Mkeka nao mwembamba, utahesabu kokoto zote za nchi. Basi akachukua gunia, akalijaza pamba iliyosalia shambani, na mbegu zake, akalishona.

"Wifi, huo ni mzigo wa punda," Benadetha akasema.

"Ninyi lalieni ngozi. Mimi nitalala kama mke wa bwana shamba."

Kutwa nzima alilibeba kichwani, akiapa kuwa ni jepesi, huku shingo inawaka moto.

Jioni walipokelewa njiani kwa mfugaji mmoja, mzee Maganga. Wenzao wakalala nyumba kubwa; Nyamizi na wifi yake wakapewa nyumba ya ndama, maana ina joto. Na Nyamizi, binti wa wafugaji, aliyelisha ng'ombe mbegu za pamba tangu utoto, akatandika godoro lake katikati ya ndama wanne wakubwa. Hakuwaza lolote. Alilala fofofo, hilo asinyimwe.

Kulipokucha alijikuta juu ya udongo mtupu. Ndama mmoja alikuwa akitafuna kona ya mwisho, pamba imemning'inia kidevuni kama mvi.

"Wifi, mwongezee chumvi basi," Benadetha akasema, akicheka mpaka machozi.

Walipofika Lalago shingo ya Nyamizi ilikuwa imeinamia kushoto, haigeuki. Ngoma ikalia. Afanyeje? Akaingia uwanjani hivyo hivyo, kama kuku anayesikiliza. Nyuma yake wanawake wote, kwa utii, wakainamisha vichwa kushoto. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

"Mtindo huu mmeutoa wapi?" wenyeji wakauliza.

"Nimeutunga njiani," Nyamizi akajibu.

"Na wenzake wanne wenye mikia," Benadetha akadakia.

Wakati wa kurudi, Nyamizi aliomba nafasi kwenye ngozi. Ilinuka vilevile. Akavuta pumzi, akalala.